Nyumba Isiyoisha Maswali: Dalili, Sababu na la Kufanya

Mwongozo huu ni wa nyumba ambayo hakuna ugomvi, hela si nyingi lakini zipo, watoto wazima wa afya, na bado kila mtu analala amechoka kwa maswali. Leo tunapika nini? Nani anamfuata mdogo madrasa? Hela ya mkate iko wapi? Luku ya umeme imebaki ngapi? Harusi ya kule mtaa wa Mabawa tunachanga shilingi ngapi? Ni maswali yaleyale, na kila siku yanajibiwa kana kwamba hayajawahi kuulizwa.

Dawa inajulikana: amueni mara moja, mapema, muishi na uamuzi huo mpaka patokee sababu ya kuubadilisha. Shida ni kwamba nyumba nyingi hapa Tanga zimeshaijaribu na ikagoma. Karatasi ilibandikwa jikoni, ikapata moshi na mafuta, sasa hakuna anayeisoma. Ndiyo maana hapa tunakwenda kwa dalili. Tafuta inayofanana na ya kwako uanze na hiyo. Ukizishika zote kwa wiki moja utaongeza maswali badala ya kuyapunguza.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Kwa siku mbili tatu, kila swali unaloulizwa nyumbani liandike nyuma ya daftari lolote, hata lile la deni la dukani, na pembeni andika saa. Usijibu tofauti na kawaida yako. Maswali yaliyojirudia ndiyo yanayotafutiwa uamuzi wa mapema. Yaliyotokea mara moja yaache yalivyo. Zile saa za pembeni zitakusaidia zaidi ya maswali yenyewe, utaona hapo chini.

Na kila unapokuta mpango uliokufa, uangalie mambo matatu: ulikuwa unaanza lini, nani alikuwa na kauli, na ikishindikana ilikuwa ifanyike nini. Mara nyingi mojawapo halikusemwa.

Dalili: "Leo tunapika nini?" linaulizwa saa kumi na moja jioni

Swali halina ubaya, ubaya uko kwenye saa. Saa kumi na moja maharage ambayo hayakulowekwa hayatawahi. Samaki wa asubuhi pale soko la samaki la Deep Sea wameisha, au wamebaki wale ambao macho yameshaingia ndani. Mtoto wa kutuma gengeni bado yuko madrasa. Kinachobaki ni mayai, dagaa wa kupima, au chipsi za barabarani, ambazo kwa nyumba ya watu sita zinakula hela ya siku mbili.

Wako watakaokwambia jioni akili imechoka kuamua. Dai hilo lina asili yake: mwaka 1998 mwanasaikolojia wa Marekani, Roy Baumeister, na wenzake walisema nguvu ya kujizuia hupungua kadiri inavyotumika. Likaenea sana. Mwaka 2016 maabara 23 zilirudia jaribio la aina hiyo kwa pamoja, na matokeo yakawa karibu na sifuri. Sitaki basi kukwambia kwamba ubongo wako umeisha chaji. Jioni ni ngumu kwa sababu za wazi zaidi: soko limepwaya, muda umekwisha, na hela ya asubuhi imeshapasuliwa.

Sababu ninayoikuta mara nyingi kuliko zote ni kwamba mwenye swali siye mwenye hela. Baba anaacha matumizi kila asubuhi, kiasi kinabadilika kila asubuhi, na mama hawezi kuloweka maharage jana kwa hela atakayopewa kesho. Nyumba ya namna hiyo hata ikiandika ratiba nzuri vipi, uamuzi wa kweli unafanyika mlangoni baba anapovaa viatu.

Kwa wenye mshahara, ondoeni matumizi ya kila siku. Vikavu vya mwezi (mchele, sembe, unga wa muhogo, maharage, sukari, mafuta, majani ya chai) vinunuliwe mara moja mshahara unapoingia, na fedha ya vibichi itolewe kwa wiki, siku moja inayojulikana. Wengine wanaogopa kwamba hela ya wiki itaisha Jumatano. Inaweza kuisha, hasa mwezi wa kwanza, ila sasa mtajua wiki nzima inagharimu kiasi gani, jambo ambalo matumizi ya kila siku huwa yanalificha.

Kwa anayeendesha bajaji, anayevua, fundi, mbeba mizigo, ushauri huo ni wa kuchekesha. Kipato chake hakina wiki. Kwake msiamue chakula kwa siku, amueni kwa ukubwa wa mfuko. Panga ngazi tatu. Siku kavu ni bada (ugali wa muhogo) au ugali wa sembe kwa kisamvu au dagaa wakavu. Siku ya kawaida ni wali na maharage ya nazi. Siku nzuri ni samaki wa kupaka. Kabla ya saa nane mchana baba anatuma ujumbe wa neno moja: kavu, kawaida, au nzuri. Yeyote aliyeko jikoni anajua la kufanya. Faida nyingine haisemwi sana: baba hahitaji kurudi nyumbani na kueleza siku ilikwendaje mbele ya watoto, wala mama hahitaji kuuliza.

Sababu ya pili ni uwanja kuwa mpana mno. "Chochote" ni jibu gumu kulipika. Punguzeni: kila siku ipewe aina yake, si chakula chenyewe. Siku ya maharage na jamii zake, siku ya majani, siku ya samaki, siku ya vitu vya mizizi. Ndani ya aina hiyo mpishi ana uhuru wake. Kama mnadhani hamwezi kuishi hivyo, iangalieni Ijumaa. Katika nyumba nyingi za Ngamiani, kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, Ijumaa ni pilau na hakuna anayeuliza. Mabibi zetu waliamua zamani na mjadala ukafungwa.

Dalili: Karatasi inasema Jumanne samaki, na Jumanne samaki hakuna

Hapa ndipo ratiba nyingi za Tanga zinapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ratiba za chakula mnazoziona kwenye simu zimetungwa na watu wanaonunua samaki kwenye friji la dukani. Kwao Jumanne na Alhamisi ni sawa. Kwetu samaki hafuati wiki, anafuata maji na mwezi. Ukiitundikia siku ya wiki kitu kinachofuata mwezi, ratiba itakuwa sahihi kwa bahati tu.

Shika mambo machache ambayo mvuvi yeyote wa Sahare atakuthibitishia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa bamvua: hujaa sana na kutoka sana. Kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu ni kuanzia mwisho wa mwezi hadi tarehe tatu hivi, na tena kumi na tatu hadi kumi na saba hivi. Maji yanapotoka sana, miamba inabaki wazi na watu wanatembea kwa miguu kutafuta pweza na chaza, kwa hiyo pweza anapatikana kwa wingi na bei inalegea. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na pweza anaadimika.

Dagaa ana hesabu nyingine. Anavuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi kama mbalamwezi imewaka bahari nzima. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza na kupumzika mwezi ukiwa mpevu. Bamvua la giza basi linaweza kukupa pweza na dagaa wabichi kwa pamoja. Bamvua la mwezi mpevu litakupa pweza peke yake. Juu ya yote kuna upepo. Kusi ikivuma, takribani kuanzia Aprili mpaka Septemba, bahari huchafuka na vyombo vidogo vingi havitoki. Kaskazi inapotulia, kuanzia Disemba mpaka Machi, samaki wa bahari ya nje huingia kwa wingi.

Marekebisho yenyewe ni mepesi. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu mnayo, ile inayogawiwa na maduka au misikiti. Zungushia vipindi vya bamvua na vipindi vya giza kwa kalamu za rangi mbili. Andika sheria moja chini: bamvua, pweza mara moja, giza, dagaa wabichi mara mbili na wa ziada wakaushwe, mbalamwezi na maji mafu, kitoweo ni choroko, kunde, mayai, au wale dagaa mliowakausha. Siku ya samaki inabaki kuwa siku ya kitoweo, ila kitoweo kinaamuliwa na kalenda hiyo.

Ongezeni bei ya ukomo. Kabla mtu hajatoka nyumbani awe anajua: samaki aina ya changu akizidi bei hii hatununui, tunarudi na kunde. Uamuzi wa bei ukifanyiwa sebuleni ni wa hesabu. Ukifanyiwa mbele ya muuzaji anayekuita "dada yangu wa pekee" ni wa aibu.

Kuna utafiti unaoiunga mkono sheria ya namna hii. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alionyesha kwamba mpango uliofungwa kwenye tukio ("likitokea hili, nitafanya lile") hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla kama "tutajitahidi kula samaki". Jambo muhimu hapo ni tukio. Lazima liwe kitu unachokiona bila kukitafuta. Mwezi unauona, bei unaiona. "Tukiwa na nafasi" hakuna anayeiona.

Kama mpo mbali na bahari, Pongwe au Amboni huko, au nyumba haili samaki sana, hamishieni fikra hii kwenye mboga. Kabichi, karoti na viazi vinavyoshuka kutoka Lushoto vina siku zake za kuingia kwa wingi sokoni. Muulizeni muuzaji wenu wa Mgandini au Makorora gari lake linashuka siku gani, na siku ya soko iwe hiyo. Kwa nini muende siku ambayo anauza mabaki?

Dalili: Asubuhi ya shule ni vita

Angalia zile saa ulizoandika. Utakuta maswali ya asubuhi yote ni ya jana: shati liko wapi, nauli ipo, daftari la hisabati limesainiwa, kiatu kimoja kimekwenda wapi. Asubuhi haina kosa. Jaribuni kuhamisha lile la mwisho la kujibiwa, kiatu, mpaka baada ya chakula cha usiku, na yaliyobaki yatafuata.

Mambo mawili ya hapa kwetu. La kwanza ni masika. Kati ya Machi na Mei, shati jeupe lililofuliwa jioni halikauki kufikia alfajiri, na pasi ya mkaa kwenye shati bichi inaacha alama. Uamuzi wa mapema hapa unaitwa shati la pili, linunuliwe kabla ya masika, na siku za kufua ziwe mbili zinazojulikana. La pili ni chenji. Mtoto akipewa noti kubwa kwa daladala ataambiwa asubiri au ashuke. Tengeni kopo la sarafu, na anayerudi na sarafu nyumbani, awe baba awe dada wa kazi, anazitumbukiza humo. Hela za kopo hilo hazinunui vocha.

Kifungua kinywa kitoeni kabisa kwenye mjadala. Karibu kila mtaa una mama wa vitumbua na maandazi. Mlipeni wa kwenu kwa wiki, aweke idadi ileile kila asubuhi, mtoto apite achukue. Yeye naye anapata mteja wa uhakika.

Dalili: Luku, gesi na maji huisha usiku, daima usiku

Mnasubiri kitu kiishe ndipo muamue. Badilisheni: tukio liwe namba. Luku ikishuka chini ya yuniti kumi (au yoyote inayowatosha siku mbili), aliyeiona kwanza anatuma ujumbe, mwenye zamu ananunua. Msishangae mkinunua mara ya kwanza ya mwezi na yuniti zikaja pungufu. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia luku, kwa hiyo ununuzi wa kwanza wa mwezi wekeni kiasi kikubwa kidogo na mjadala wa "tumeibiwa" uishe.

Mtungi wa gesi andikeni tarehe uliyofungwa kwa kalamu ya alama. Baada ya mitungi miwili mitatu mtajua unadumu muda gani, na jiko la mkaa liwe tayari siku chache kabla. Maji: pipa linajazwa likifika nusu. Basi.

Dalili: Bahasha za michango zinakula chakula cha watoto

Hii haionekani kama swali la kila siku, lakini ihesabu. Kadi ya harusi, kundi la simu la kamati, ujumbe wa "tunakukumbusha ahadi yako", sare ya kanga, maulidi, arobaini, ubatizo, mahafali. Kila moja inaanzisha kikao cha wawili chumbani, na kila kikao kinaishia "sasa tutafanyaje, ni watu wetu".

Sababu si ukarimu. Ukarimu tunao na utabaki. Sababu ni kwamba kiwango kinaamuliwa baada ya kumjua mwenye shughuli, na ukishamwona usoni kiwango kinapanda. Wengine wanaahidi dabo kwa sababu jina la juu yao kwenye kundi limeahidi dabo.

Kaeni mara moja kwa mwaka, Januari ni nzuri ingawa ada zimewabana, muwapange watu kwa ukaribu. Ndugu wa tumbo moja. Watoto wa ndugu na binamu wa karibu. Majirani wa mlango kwa mlango na wenzenu wa kazini. Wengine wote. Kila daraja lina kiasi chake, na kibubu cha michango kinawekewa hela ya mwezi. Sare amueni idadi ya mwaka: mbili, tatu, mnajua wenyewe uwezo wenu. Iliyozidi hapo, mtu atahudhuria na kanga yake nzuri ya zamani, na hakuna aliyewahi kurudishwa mlangoni kwa hilo.

Kibubu kikiisha kabla ya mwezi kuisha, lile la "ikishindikana" liwe limeshasemwa: tunakwenda kwa mikono. Kuchambua mchele, kukuna nazi, kuosha masufuria, kulala kwenye shughuli usiku mzima. Hapa pwani mchango huo una heshima yake, na mara nyingine mwenye shughuli anauhitaji kuliko noti.

Shangazi atapiga simu. Atauliza kwa nini mwaka huu kiasi hiki. Mwenye kumjibu awe mtu wa upande wake wa ukoo: shangazi wa mume anajibiwa na mume. "Shikamoo shangazi. Mwaka huu tumepanga hivi kwa watoto wote wa ndugu, hatujampunguzia mmoja wala kumzidishia mwingine." Usawa ndio utakaokutetea. Ukishampa mmoja zaidi kwa siri, mpango umekwisha na utakuwa unajieleza mpaka Disemba.

Msiba usiuweke humo. Rambirambi na safari za mazishi zina kopo lao dogo ambalo halina daraja wala ukomo, na ambalo hakuna anayelikopa. Misiba na ugonjwa wa ghafla haviamuliwi mapema. Kinachoamuliwa ni wapi hela ya kwanza itatoka na nani atabaki na watoto.

Dalili: Mmepanga kila kitu na bado mama ndiye anayeulizwa

Mliamua kitakachofanyika, hamkuamua mwenye kauli. Mtoto wa kidato cha pili aliyepewa kazi ya mkate bado anauliza: mama, ninunue mkubwa au mdogo? Wa wapi? Nikikosa? Kazi kahamishiwa, kichwa kimebaki kwa mama.

Mpe kazi pamoja na maamuzi yake. Hela ya mkate ya wiki iko mikononi mwake, aina anachagua yeye, akikosa anatafuta mbadala yeye. Na hapa pana sehemu ambayo akina mama wengi hawaiwezi: akisahau, msimkimbilie. Asubuhi hiyo nyumba itakula kiporo cha wali kwa chai, ambacho kwa kweli nusu ya nyumba inakipenda kuliko mkate. Ukimkimbilia dukani saa kumi na mbili alfajiri umemfundisha kwamba mkate ni wako.

Kwa baba ni hivyohivyo. Baba aliyepewa "kusaidia madrasa" atauliza kila Jumatatu nani anamfuata mtoto. Baba aliyeambiwa Jumatatu na Jumatano ni zake, pamoja na kumtafuta wa kumbadili akichelewa, atapiga simu kwa jirani badala ya kumpigia mama. Akimpigia mama, mama aulize tu: "Siku ya nani leo?" Kwa upole, jamani. Ukiulizia kwa kebehi, mpango utageuka ugomvi na tumerudi nyuma ya tulipoanzia.

Bibi akiwa ndani ya nyumba, mambo yanabadilika kidogo. Bibi hapangiwi. Anaombwa achague eneo lake, na akishachagua hakuna anayelipitia. Nimeona nyumba ambayo bibi alichukua viungo: yeye ndiye anayejua pilipili manga imebaki ngapi na iliki inanunuliwa lini. Hakuna aliyewahi kuishiwa tena.

Dalili: Kila kitu kilikuwa kinakwenda, Ramadhani ikaingia

Ratiba ya kawaida haiwezi kuvuka Ramadhani, na msijaribu kuivusha. Mlo umehama saa, watoto wamebadilisha usingizi, soko linakuwa na bei nyingine. Mwezi huo unahitaji karatasi yake, iandikwe Shaabani. Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka kwenye kalenda ya Januari mpaka Disemba, karatasi ya miaka mitatu iliyopita inaweza isiwafae: mlifunga kiangazi, sasa mnaelekea kwenye mvua, au kinyume chake.

Futari ipangeni kwa mzunguko wa mizizi: muhogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi, kisha turudie. Uji na tende havijadiliwi. Tambi na kaimati zina siku zake, kwa sababu zikiwa za kila siku sukari na mafuta vinaisha katikati ya mwezi. Daku iwe kitu kimoja wiki nzima. Hakuna mwenye ladha saa tisa usiku.

Linalosahauliwa ni sahani za majirani. Kila magharibi kuna mtoto anasimama na sahani iliyofunikwa akiuliza apeleke kwa nani. Gawanyeni nyumba za jirani kwa siku, nyumba mbili kila siku, na mjumlishe ile ya mzee anayeishi peke yake kila siku bila zamu. Kama hamfungi, au nyumba ina dini mbili, majirani zenu wanafunga na sahani zitakuja, kwa hiyo amueni mapema kitakachowekwa ndani ya sahani inaporudi.

Dalili: Mambo yanakwenda, ila watoto wanalalamika chakula kilekile

Kwanza hakikisheni ni kweli. Mara nyingi analalamika mmoja, mwenye sauti. Muulizeni mnyamavu naye.

Kama ni kweli, sababu ni kwamba mmefunga siku zote saba. Fungueni moja. Siku ya wazi haina aina, haina ngazi, haina kalenda ya mwezi. Ina kiasi cha fedha tu. Iwe karibu na mwisho wa wiki, na isiwe Ijumaa.

Mkiona siku ya wazi nayo imeliwa na malumbano, wapeni watoto kuchagua kwa zamu, mdogo aanze, wakubwa wangojee. Chipsi mayai zitashinda mara za mwanzo. Ziacheni zishinde, ndani ya kile kiasi.